Ugomvi Mtamu wa Matobolwa

Wageni wa pamba walipofika kijijini Sola, Specioza alikuwa juu ya jabali nyuma ya nyumba yake akigeuza matobolwa. Hakuwa amejiandaa kupokea mtu. Mikono ilinata utomvu wa viazi, na kichwani alijifunga kile kitambaa kilichopauka ambacho binti yake, Lukresia, alikuwa amemsihi mara nyingi akitupe. Kosa lilikuwa la mumewe. Magese aliambiwa na chama cha wakulima kwamba mnunuzi kutoka Japani anakuja kuona mashamba ya watu wanaolima pamba bila sumu. Akafagia uwanja, akaazima viti, akamfunga mbwa, lakini akasahau kumwambia mkewe kwamba siku yenyewe ndiyo hiyo.

Kwenye gari akashuka kwanza Zengo, ofisa wa kiwanda kimoja cha kuchambulia pamba huko Bariadi, ambaye wakulima wa Sola walimfahamu vizuri. Nyuma yake akashuka mwanamke mwembamba wa makamo, kofia pana kichwani. Aliitwa Naoko. Kampuni yake ilinunua pamba na kuifuma mataulo.

"Mwangaluka, mayu," Zengo alimwamkia Specioza kwa heshima anayopewa mama.

"Mwangaluka, mwanangu. Karibuni. Mmenikuta hivi hivi."

Shughuli ya pamba ilikwenda vizuri. Naoko alizunguka shamba, akauliza wadudu wanazuiwaje, akavunja vitumba kadhaa na kuvuta nyuzi kwa vidole vyake kuona urefu. Magese alimjibu kila swali, na Zengo akawa anatafsiri kwa Kiingereza. Walipomaliza wakakaa kivulini kunywa chai. Specioza akaleta alichokuwa nacho nyumbani: karanga za kukaanga na ungo wa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikauke.

Naoko alichukua kipande. Akakinusa, akakitafuna, akaacha kutafuna. Kisha akasema neno moja ambalo halikuwa la Kiingereza.

"Anasemaje?" Magese aliuliza, akihofia mgeni ameumia jino.

Zengo aliulizana na mgeni kidogo. "Anasema kwao hiki kinaitwa hoshi-imo."

"Mwambie kinaitwa matobolwa," Specioza alisema.

"Anasema mama yake hutengeneza hivi hivi. Anachemsha viazi, anamenya, anakata, anaanika. Kijijini kwao, huko pwani ya mashariki, kila nyumba hufanya hivyo."

Specioza alimtazama mgeni yule. Wageni wa adabu alishawaona. Kuna mmoja aliyesifu uji wake wa mtama, halafu akaumwaga nyuma ya ghala akidhani haonwi. Kwa hiyo alisema kwa Kisukuma, polepole, kwamba Japani na matobolwa ni wapi na wapi, na Zengo akaona ni vyema neno hilo libaki hapo hapo kivulini.

Lakini Naoko alikuwa ameshatoa simu. Kwenye picha kulikuwa na bibi mfupi aliyesimama kati ya safu za vichanja, na juu ya vichanja, vimepangwa kimoja kimoja, vipande vya rangi ya dhahabu. Bibi huyo alikuwa amejifunga kitambaa kichwani, nacho kimepauka. Specioza alikiangalia kitambaa hicho kwa muda mrefu kuliko alivyoviangalia viazi.

"Anaitwa nani?"

"Fumi."

"Mbona anaanika akiwa amevaa sweta?"

"Ni wakati wa baridi," Naoko alieleza kupitia Zengo. "Kwetu huanikwa wakati wa baridi kali. Upepo wa bahari ndio unaokausha."

Specioza akamrudishia simu. "Hapo sasa ananidanganya. Baridi haikaushi kitu."

Hata hivyo, wageni walipoaga, aliingia ndani akatoka na mfuko umejaa. Magese alijaribu kumzuia kwa macho, maana aliona aibu mtu aliyekuja kwa ajili ya pamba afungiwe viazi. Specioza hakumjali. Alimkabidhi Naoko mfuko mkononi. "Mpe mama yako. Ale, halafu aniambie."

Pamba ikanunuliwa, msimu ukapita, mvua za vuli zikanyesha. Specioza hakuuliza habari za mfuko wake hata mara moja, lakini kila Zengo alipopita kijijini kwa shughuli za kiwanda, alimkaribisha chai na kukaa akimtazama.

Jibu lilifika Januari, kwenye duka la Lukresia. Binti huyu alikuwa na duka la madaftari na huduma za kuchapa karibu na stendi ya Bariadi, na Kiingereza alikiboresha miaka aliyofanya kazi hotelini Mwanza. Zengo alimletea boksi lililotoka Japani, na Jumamosi Lukresia akapanda nalo bodaboda mpaka Sola, amelikumbatia kama mtoto.

Majirani wakajaa. Ndani ya boksi mlikuwa na vipande vya viazi vilivyofungwa vizuri kwenye karatasi ya plastiki, laini, vinang'aa kama asali, na juu yake umetapakaa unga mweupe.

"Yameota ukungu," alisema Philomena, jirani wa karibu na rafiki wa Specioza tangu wote wawili walipoolewa Sola. "Maskini. Njia ni ndefu."

Specioza aligusa unga huo, akalamba kidole. Haukuwa ukungu. Ilikuwa sukari ya kiazi chenyewe, imetoka nje kwa kukaa. Akala kipande kizima, na watu wakamsubiri kama wanavyosubiri hukumu ya baraza.

"Pamoja na boksi kuna salamu," Lukresia alisema. "Naoko anasema mama yake anashukuru sana. Matobolwa yetu ni matamu mno."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mayu."

"Basi hajala. Anayekula matobolwa kweli huwa na neno."

"Na wewe nikuandikie nini?"

"Mwandikie kwamba yake ni matamu, lakini hajamaliza kazi. Ameacha katikati. Haya hayajakauka."

Lukresia aliandika kwenye simu kwamba mama yake anashukuru sana na matobolwa ya Japani ni matamu mno.

Labda mambo yangeishia hapo, kwa shukrani za pande mbili, kama Naoko asingependekeza wazee hao waonane kwa simu. Wakachagua Jumapili. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi hiyo na jabali linatoa mvuke. Specioza akalipanda mpaka juu kabisa, mahali mtandao unaposhika, Lukresia akaketi karibu yake ameshika simu, na Magese akabaki chini akijifanya anafunga mbuzi.

Uso wa Fumi ukatokea. Alikuwa amevaa miwani mikubwa na sweta lile lile la kwenye picha. Wakasalimiana, wakaulizana hali za watoto, wakapeana pole kwa waliofariki. Kisha Fumi akasema maneno mengi, amekunja uso, akichora kitu hewani kwa kidole.

"Mama anasema amefurahi sana kukufahamu," Naoko alisema kwa Kiingereza, na Lukresia akatafsiri.

Specioza akatikisa kichwa. "Hakusema hivyo. Mtu hafurahi kwa uso kama ule. Lukresia, mwambie mwenzako atafsiri neno kama lilivyotoka. Na wewe ya kwangu uyapeleke kama yatakavyotoka. Najua unayaosha njiani."

Lukresia akaona haya, akayafikisha. Kule upande wa pili Naoko naye akaona haya, akamgeukia mama yake na kumweleza. Bibi akapiga meza kwa kiganja kama mtu aliyefunguliwa mlango, akaanza upya, na safari hii Naoko alitafsiri huku ameinamisha macho.

"Anasema mnakata vibaya. Kipande kimoja upande huu ni gogo, upande huu ni jani. Upande mwembamba unakuwa mfupa, upande mnene unabaki na maji. Anasema viazi vyenyewe ni vizuri kuliko vyake, na kuvikata namna hiyo ni kuvionea."

Chini ya jabali, Magese aliacha kamba ya mbuzi. Lukresia alimtazama mama yake kwa hofu. Uso wa Specioza ulikuwa umefunguka, anacheka kimyakimya, mabega yanatikisika.

"Sasa huyu amekula," alisema. "Mwambie na mimi nimekula ya kwake. Hayajakauka. Alichoka mapema akaingia ndani kuota moto."

Neno lilipofika, Fumi alicheka mpaka akavua miwani.

Tangu hapo Jumapili ya jabali ikawa na nafasi yake. Waligombania kila kitu. Walibishana kama kiazi kichemshwe na maganda au bila maganda, na hapo wakakuta wanakubaliana, ikawaudhi kidogo. Walibishana kiazi kikae siku ngapi baada ya kuvunwa ndipo utamu uingie. Fumi alionyesha kisu chake cha kumenyea cha mianzi. Specioza alionyesha cha kwake, kipande cha upawa uliovunjika alichokichonga mwenyewe, na Fumi akaomba akione karibu, kisha akaomba akione tena. Specioza alikuja kuamini hata habari ya baridi, siku Fumi alipoitoa simu nje na kumwonyesha vichanja vikipigwa na upepo huku pumzi yake mwenyewe ikitoka mdomoni kama moshi.

Kuhusu kukata, hata hivyo, bibi hakulegeza. Kabla ya masika kwisha likaja boksi lingine. Humo mlikuwa na fremu ndogo ya mbao iliyofungwa nyaya nyembamba, zimekazwa sambamba kama nyuzi za zeze. Kiazi kilichochemshwa kinawekwa juu, kinasukumwa, kinatoka chini kikiwa vipande vinavyolingana. Specioza alisukuma kimoja, akasukuma cha pili, akamwita Philomena.

"Kama mkate wa dukani," Philomena alisema.

Fremu moja isingetosha, maana kufikia jioni wanawake wa jirani walikuwa wamepanga foleni. Wakaipeleka kwa Luhende, fundi baiskeli wa senta, mtu wa maneno machache. Aliigeuza, akagonga nyaya kwa ukucha kusikia zinavyolia, akaangalia juu darini alikotundika vyuma vyake. Kesho yake alikuwa ametengeneza ya kwake kwa mbao za mninga, na nyaya zake zilitoka ndani ya waya wa breki wa baiskeli, alioufumua uzi kwa uzi. Ilikata sawa na ile ya Japani. Fumi alipoonyeshwa kwenye simu aliuliza kama fundi huyo ameoa.

Viazi vya msimu huo vilikuwa vya aina ya polista, vya njano, na vilizaa vizuri. Naoko alikuwa akitazama jambo hili likikua, na ndiye aliyeleta wazo. Kampuni yake ina duka dogo la mataulo. Kwa nini watu wanaonunua taulo la pamba ya Sola wasikute pembeni yake na mfuko wa matobolwa kutoka nyumba ile ile iliyolima pamba? Aliomba gunia moja la majaribio. Zengo, ambaye kwa miaka yake yote kiwandani alishughulikia marobota ya pamba tu, akahangaika na vibali vya chakula katika ofisi za Bariadi na Mwanza. Watu walimcheka. Akaendelea.

Gunia likaondoka. Wanawake walilisindikiza mpaka barabarani wakiimba. Kisha zikapita wiki bila neno, na Jumapili moja Naoko akapiga simu peke yake, bila mama yake. Mkaguzi wa kampuni alikuwa amekata mfuko na kukuta mchanga. Si mwingi, lakini mchanga. Na unyoya mmoja wa mbuzi. Gunia lisingeweza kuingia dukani.

Lukresia alitafsiri neno kama lilivyotoka, kwa kuwa ndiyo ilikuwa amri. Specioza aliitikia, akashukuru, akashuka kwenye jabali. Jioni hiyo hakula vizuri. Kesho yake Philomena alipokuja na viazi kwenye beseni, alimwambia avipeleke tu kwake avipike vya kula.

"Mchanga huo tumeula tangu utotoni," Magese alimwambia kwa upole. "Haujatuua."

"Nimeutuma kwa watu, Baba Lukresia. Nimewapa wageni mchanga."

Magese akakaa naye.

Jumapili iliyofuata hakutaka kupanda jabali. Lukresia akamvuta mkono. Simu ilipofunguka, Fumi alikuwa anatafuna. Hakusalimia. Alimeza, akasema maneno mafupi, na Naoko akaanza kucheka kabla hajatafsiri.

"Mama alikwenda mwenyewe kulichukua gunia. Amekuwa akipangusa kipande kimoja kimoja kwa brashi. Amewapa majirani, amewapa wazee wa klabu yake, amempa daktari wa meno. Limebaki robo tu, na analificha chini ya kitanda. Watu wanamgongea mlango wakiuliza mengine yanakuja lini."

"Na mchanga?"

Fumi akajibu akiinua kidole.

"Anasema mchanga hauko kwenye kiazi. Uko kwenye jabali. Yatoe matobolwa kwenye jabali."

Specioza aliweka kiganja juu ya jiwe alilokalia, ambalo wakati huo wa asubuhi lilikuwa limeshaanza kupata moto. Jua linachoma juu, jiwe linachoma chini. Ndicho kilichofanya matobolwa yake yakauke upesi na kubaki na ile harufu.

"Jabali siliachi," alisema. "Nitayainua. Vichanja kama vyake, lakini juu ya jabali langu. Jiwe lipashe, upepo upite, mbuzi asifike. Kinachonipa shida ni cha kutandika. Ningepata wavu wenye matundu madogo, mpya, usionuka samaki."

Kesho yake asubuhi Magese hakuonekana. Alirudi siku ya pili, amechoka na vumbi la barabara, ana furushi begani. Alikuwa amekwenda mpaka Lamadi, kwa wavuvi wa ziwani, akanunua wavu mpya wa dagaa ambao haujawahi kugusa maji. Akauweka miguuni pa mkewe.

"Ulisema wavu," alisema, akaenda kunawa.

Luhende aligonga vichanja. Vilipopangwa juu ya jabali, viazi vya njano vimetandazwa juu ya wavu, watu waliopita barabarani walisimama kuuliza ni sherehe gani. Gunia la pili likaenda, na mkaguzi hakupata cha kusema. Mifuko ile iliisha dukani upesi kiasi kwamba Naoko aliomba magunia mengine kabla hajamaliza kuhesabu. Yaliyobaki Lukresia aliyaweka kwenye meza ya duka lake pale Bariadi, kwenye mifuko midogo. Watu wa mabasi wakayazoea, na makarani wa maofisini wakawa wanatuma mtu kuyafuata saa ya chai. Kutoka Japani nako vitu vikawa vinakuja: fremu nyingine, visu vya kumenyea, na mashine ndogo ya kuziba mifuko ambayo Philomena alijitangaza kuwa msimamizi wake na hakuruhusu mtu mwingine aiguse.

Mwaka uliofuata, pamba ilipoanza kupasuka, Naoko akaleta habari. Atakuja kama kawaida kwa ajili ya pamba, na safari hii haji peke yake. Mama yake ameomba pasipoti. Kila aliyejaribu kumkatisha tamaa kwa sababu ya umri wake amefukuzwa nyumbani.

Siku ya kufika, Sola ilijaa. Gari la Zengo liliingia uwanjani, mlango ukafunguliwa, na Fumi akashuka akishikwa mkono. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana kwenye simu. Wanawake waliacha kuimba.

Specioza akasogea na kupiga goti, kama inavyompasa mtu anayemsalimia aliyemzidi umri. Fumi, kwa desturi ya kwao, akainama. Specioza akaona mgeni ameinama zaidi yake, akashuka chini zaidi. Fumi akaona hivyo, akainama tena. Hakuna aliyekubali kuwa juu. Wakaendelea kushuka mpaka wote wawili wakajikuta wamekaa mavumbini, wameshikana mikono, wanacheka hadi machozi, na vigelegele vikapasuka uwanja mzima.

"Wabeja," Fumi alisema. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo la shukrani ndege nzima, Naoko alieleza baadaye.

Hakutaka kupumzika. Alitaka jabali. Wakampandisha taratibu, Magese mbele, Zengo nyuma. Alipofika juu akaweka kiganja kwenye jiwe. Akaketi. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akalala chali juu ya jabali, mikono ameitandaza, akafumba macho.

"Anaumwa?" Zengo aliuliza kwa hofu.

Naoko aliinama kumsikiliza. "Anasema mgongo wake umelitafuta jiwe hili maisha yake yote. Anasema tumwache kidogo."

Walimwacha. Wakaendelea kupanga viazi kumzunguka.

Siku zilizofuata zilikuwa za kazi na ubishi. Fumi na Specioza walikaa kwenye vigoda, sufuria kati yao, wakimenya viazi vya moto kwa vidole ambavyo havikuogopa. Mara nyingi walizungumza bila mtu wa kutafsiri, huyu kwa Kisukuma, yule kwa Kijapani, na wakajibizana. Lukresia alikuja Jumamosi akakuta hawamhitaji. Alikaa pembeni akala.

Ubishi mkubwa ulikuja wakati wa kuanua. Fumi aliona matobolwa yametosha yakiwa bado laini, akaanza kuyakusanya. Specioza akayarudisha. Fumi akayachukua. Mwishowe Philomena akaleta kamba, akaifunga katikati ya vichanja, akasema upande huu wa mgeni, upande huu wa mwenyeji, na kijiji kitaamua.

Kijiji kilikula na hakikuweza kuamua. Watoto na wazee wasio na meno walisimama na Fumi, walitaka yale laini. Wachungaji walisimama na Specioza, kwa sababu ya kwake yanakaa mfukoni kutwa nzima nyuma ya ng'ombe na bado yanakupa kitu cha kutafuna. Magese aliulizwa yuko upande gani. Alimtazama mkewe, akamtazama mgeni, akasema anakwenda kunywesha ng'ombe.

"Nitauza yote mawili," Naoko alisema. "Mfuko wa Fumi na mfuko wa Specioza. Wabishane huko dukani."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo ilivyo mpaka sasa. Msimu ule Naoko alinunua pamba nyingi kuliko mwaka wowote, na marobota yalipopakiwa kwenye lori kiwandani Bariadi, magunia ya matobolwa yalipakiwa juu yake, yamefunikwa vizuri. Wanawake wa Sola walikuja na basi kushuhudia. Philomena alikuwa na ngoma. Ilipoanza kulia, Fumi alimpa Naoko mkoba wake, akaingia katikati, akacheza kwa mikono kama mtu anayeanika kitu juu ya kamba, hatua ndogo ndogo, hakukosea pigo. Makarani walitoka ofisini. Mizani ilisimama. Dereva wa lori alizima injini ili asikie vizuri.

Fumi aliondoka siku chache baadaye. Wasukuma wengi wa Sola hawalii hadharani, na Wajapani nao, ilionekana, ni vivyo hivyo, kwa hiyo yeye na Specioza waliagana kwa kubishana kuhusu chumvi kidogo ambayo Fumi alitaka itiwe kwenye maji ya kuchemshia, jambo ambalo lilikuwa jipya kabisa na hakuna aliyejua lilianzia wapi. Gari lilipoanza kutembea, Fumi alikuwa bado ametoa kichwa dirishani akieleza, na Specioza alikuwa anatembea kando ya gari akimjibu.

Vumbi lilipotulia, Philomena alimwita kutoka nyuma ya nyumba. Maji yalikuwa yamechemka. Specioza alipandisha mikono ya gauni lake, akachukua beseni la viazi, akasimama kidogo akiwaza, kisha akachota chumvi kwa ncha za vidole na kuitumbukiza sufuriani.

"Usimwambie," alimwambia Philomena.